Doa la Pasi Kifuani mwa Ndege

Jumanne, tarehe kumi na tisa, mwezi wa tatu. Asubuhi hiyo yalianguka manyunyu ya muda mfupi, ya kutosha tu kulowesha nguo kambani na kumtoa mtu mbio, kisha jua likatoka kama lililonawa uso. Bi Sindano aliyaandika hayo juu ya ukurasa mpya wa daftari lake kabla hata hajanywa chai. Mwalimu wa masomo ya jioni alikuwa amewaagiza wanafunzi wake kwamba kila siku ya jaribio waanze na tarehe na hali ya hewa, wapate mazoea ya kuangalia kilichopo kabla ya kutafuta wasichokuwa nacho. Wenzake waliona ni mambo ya kitoto. Yeye aliyashika kama amri.

Chini yake akaongeza mstari ambao mwalimu hakuuagiza: "Leo jioni kompyuta itamrudisha ndege wa mama. Ee Mungu, simama nami."

Alikuwa na miaka hamsini na tisa, mjane, mdarizi tangu usichana wake. Jina la Bi Sindano alibandikwa na majirani kwa sababu kifuani mwa gauni lake hazikukosekana sindano mbili tatu zenye nyuzi. Siku alipojiandikisha masomo ya kompyuta, jirani yake alimcheka waziwazi.

"Mwenzangu, tundu la sindano lenyewe hulioni bila miwani, hiyo kompyuta utaiona?"

"Mungu akinipa uhai nitaiona," alijibu, "na wewe nitakuonyesha."

Lakini hakwenda kusoma ili aonyeshe watu. Alikwenda kwa ajili ya kitambaa.

Kilikuwa kitambaa cheupe cha mezani, mama yake alikidarizi kwa mishono midogo ya msalaba: ndege wa kahawia amesimama kwenye tawi, mkia umeinuka, majani ya kijani pembeni. Mishono arobaini na minane kwenda juu, arobaini na minane kwenda upande. Mama aliacha neno moja tu kuhusu kitambaa hicho, kwamba mjukuu wa kike atakayetangulia kuolewa akitandike mezani siku yake. Mjukuu huyo, binti wa kaka yake Bi Sindano, alikuwa anaolewa mwezi wa sita. Na kifuani mwa ndege palikuwa na doa kubwa la kuungua, limechongoka mbele kama kitako cha pasi, nyuzi zimegeuka masizi na kitambaa kimeanza kuachia.

Doa hilo liliingia miaka minne iliyopita, siku ya mazishi ya mama. Nyumba ilikuwa imejaa watu. Bi Sindano alikuwa chumbani peke yake akikinyoosha kitambaa, akitandike mezani penye picha ya marehemu. Watu waliponusa harufu ya kuungua wakakimbilia mlangoni, alisema sentensi moja: "Ni hii pasi aliyoitengeneza kaka." Kaka yake, fundi saa ambaye hutengeneza na pasi na redio, alikuwa amesimama palepale mlangoni. Hakufungua kinywa. Tangu siku hiyo wakikutana ilikuwa "Hujambo," "Sijambo," na kila mmoja na njia yake.

Sentensi ile haikuwa ya kweli. Alilijua hilo yeye na Mungu wake, na kila alipopiga magoti usiku, sentensi ile ilipiga magoti pembeni yake.

Masomo yalifanyika katika darasa la shule ya watoto. Viti vilikuwa vifupi, magoti ya watu wazima yakigonga meza, na ukutani kulikuwa na michoro ya matunda yenye macho na tabasamu. Mwalimu alikuwa binti mwembamba ambaye Bi Sindano angeweza kumzaa. Somo la kwanza aliwasimamisha wanafunzi wote mistari mitatu katikati ya darasa.

"Kila mmoja wenu ni chembe," alisema. "Picha kwenye kompyuta ni vijumba vidogo vingi, na kila kijumba ni chembe yake. Chembe haioni picha nzima. Inawaona majirani zake wanane walioizunguka, basi. Zote zina kanuni moja: ukiona jirani yako yuko hivi, wewe kuwa vile. Kanuni hiyo kompyuta inajifunza yenyewe, kwa kujaribu na kukosea maelfu ya mara, huku ikilinganisha kazi yake na picha uliyoipa. Ikishajifunza, unaweka chembe moja tu katikati. Hiyo inaamsha majirani, nao wanaamsha majirani zao, mpaka picha nzima inaota."

"Kama foleni ya malori," alisema mwenzao mmoja, dereva wa lori mwenye kitambi na sauti ya kujaza uwanja. "Wa mbele kabisa simwoni. Namwona aliye mbele yangu. Akisogea, nasogea."

"Hasa. Na ukifuta sehemu ya picha, chembe zilizobaki zinaulizana tena mpaka pengo linazibika."

Bi Sindano alihisi nywele zinamsimama. Hiyo si ndiyo kazi yake ya miaka arobaini? Mshono hauoni kitambaa kizima. Unaangalia mwenzake wa kulia, mwenzake wa juu, unajua pa kukaa. Aliinua mkono.

"Mwalimu, kwa hiyo inaponya picha?"

"Inaponya iliyofundishwa, mama."

Hapo ndipo alipoteleza. Alidhani kuifundisha kompyuta ndege ni kumpiga picha tu. Alikiweka kitambaa chini ya dirisha, akakipiga picha na simu, akampa mwalimu aiingize kwenye kompyuta, huku doa likiwa palepale kifuani. Moyoni alikuwa amekwisha kupanga. Mashine ingeziba pengo, yeye angenakili mishono kwa mkono, binti angeolewa na kitambaa kizima, na ile sentensi ya mlangoni isingehitaji kuguswa na mtu yeyote.

Sasa Jumanne ilikuwa imefika. Kompyuta ilifanya kazi saa nzima, ikipulizia joto miguuni mwake. Mwalimu akaja, akainama, akabonyeza.

Kidoa kimoja kikatokea katikati ya weupe. Kikawa vinne, vikawa kumi. Kahawia ikatambaa huku na huku, tawi likajinyoosha, mkia ukainuka, jani la kwanza likafunguka. Darasa zima liliacha kazi zao na kukusanyika nyuma ya kiti chake. Muuguzi mstaafu aliyekaa jirani naye alimshika bega. Bi Sindano alikuwa akisali bila sauti, midomo tu ndiyo inayokwenda.

Kisha kifuani mwa ndege weusi ukaota. Ukaota taratibu, kwa ustadi uleule wa jani na mkia, mpaka ukachongoka mbele kama kitako cha pasi.

"Labda haijamaliza," alisema.

"Futa hapo, mama. Shika kipanya, ufute lile doa," alisema mwalimu, ingawa sauti yake ilikuwa imeshajua jibu.

Alifuta. Kifua kikawa cheupe kabisa, na kwa muda wa pumzi moja Bi Sindano alitabasamu. Chembe za pembeni zikaulizana. Doa likarudi, na ncha yake, na kila kipande chake.

Alifuta tena. Likarudi tena. Alifuta mara ya tatu. Likarudi vilevile.

"Hata mashine inalikumbuka," Bi Sindano alinong'ona.

Mwalimu alivuta kiti kifupi akakaa mbele yake. "Mama, haijui kwamba hilo ni jeraha. Inajua ulichoifundisha. Kwake doa lile ni manyoya kama manyoya mengine, na ukiliondoa inaona umemwumiza ndege, inahangaika kumponya. Inarudi kwenye kile ilichokiona. Wewe unamjua ndege alivyokuwa kabla?"

"Kwa kukisia. Nimeshajaribu kumjaza kwa mkono mara tatu, nikafumua mara tatu. Hawi yeye."

"Hakuna picha ya zamani?"

"Zipo mbili. Zote mama amekaa kitini, kitambaa kimefunika egemeo la kiti, amekiegemea palepale." Alicheka kidogo, machozi yakiwa yamemjaa. "Aliziba mwenyewe kwa mgongo wake."

"Na mtu? Hakuna mtu anayemjua ndege mzima?"

Bi Sindano aliangalia matunda ya ukutani yenye macho. Mtu alikuwepo. Kaka yake alipokuwa na miaka tisa alivunjika mguu, akakaa ndani miezi mitatu na plasta mpaka pajani, na katika miezi hiyo mama alikuwa akimdarizi ndege. Karatasi ya hesabu ya mishono ilikuwa na maandishi madogo, macho ya mama hayakuyapenda, basi mtoto akapewa kazi ya kusoma: kahawia nne, nyeupe mbili, kahawia tisa. Mama anashona, mtoto anaimba hesabu. Karatasi ilipotea zamani. Kaka alibaki.

"Yupo," alisema. "Lakini huyo, mwalimu, kumfikia ni kazi kuliko kompyuta."

"Ijumaa ya wiki ijayo tunaonyesha kazi, na ndugu zenu wote wamealikwa," alisema mwalimu. "Una siku kumi."

Usiku huo aliomba apewe njia nyingine. Aliomba Jumatano asubuhi, akaomba mchana akiwa amesimama mbele ya cherehani. Njia nyingine haikuja. Alhamisi alivaa gauni lake la heshima, akazichomoa sindano zote kifuani, akapiga moyo konde na kwenda.

Kibanda cha fundi saa kilikuwa na upana wa mtu mmoja na nusu. Saa za ukutani zilikuwa zimekijaza mpaka darini, kila moja na ukweli wake: hii saa nne, ile saa nane, nyingine imekwama saa sita tangu enzi. Kaka yake alikuwa ameinamia meza, lenzi imebanwa jichoni, kibano mkononi.

"Hujambo, kaka."

"Sijambo." Hakuinua kichwa. "Umeleta saa au pasi?"

Neno lile lilimchoma, na bila shaka lilikusudiwa kuchoma.

"Nimejileta mwenyewe."

"Watu sitengenezi. Natengeneza vitu."

"Kaka, sogeza hizo redio nikae."

"Kiti ni cha wateja."

"Basi nitasimama." Alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. "Pasi yako haikuwa na kosa. Kosa ni langu. Nilikuwa nanyoosha, uchungu wa mama ukanipanda, nikapiga magoti palepale kuomba. Pasi niliiacha imelala juu ya kitambaa. Niliomba, kaka, niliomba mpaka niliponusa. Mlipofika mlangoni nikaona aibu. Mtu yuko magotini mbele ya Mungu, na huku anaunguza kitu cha mama yake! Nikatafuta wa kumtupia. Macho yakakuangukia wewe."

Kaka yake aliweka kibano chini. Akaitoa lenzi jichoni, akaifuta kwa shati, akaifuta tena. Saa zilizokuwa nzima zilikuwa zikigonga kwa pamoja, hakuna hata moja iliyokubaliana na nyingine.

"Najua," alisema.

"Unajua nini?"

Aliinama chini ya meza akatoa kitu kilichozungushiwa gazeti lililogeuka njano. Alipolifunua, ilikuwa ni pasi ile ile.

"Niliichukua siku ile watu walipoondoka. Nikaifungua. Waya mzima, kizima-joto chake kizima. Niliiwasha mara tano, na mara tano ikajizima yenyewe ilipofika joto lake. Pasi ya namna hii haiunguzi mpaka mtu ailaze na kuisahau. Kwa hiyo nikajua."

"Miaka minne, kaka! Kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Kwamba wewe mwongo, kaburi la mama halijakauka? Nilisema atakuja mwenyewe. Kila nilipotaka kukufuata, anatokea mtu mmoja mtaani, 'Fundi, hii saa yangu hutaiunguza?' Nakasirika upya." Alipangusa vumbi kwenye pasi kwa kiganja. "Umechelewa. Hata ile saa mbovu pale ukutani imekushinda, ingawa imekwama inapatia mara mbili kwa siku."

Bi Sindano alianza kulia, na katikati ya kulia akajikuta anacheka. Kaka yake akazisogeza redio. "Haya kaa. Usije ukaniangukia hapa nikaambiwa nimekuunguza na wewe."

Alikaa. Akamweleza habari za darasa, chembe, kanuni, na doa lililokataa kufutika. Kaka alimtazama kama mtu anayesikia paka akisoma gazeti.

"Kompyuta. Wewe. Wewe uliyekimbia siku ya kwanza tuliyoona simu, ukasema kuna mtu amefungiwa ndani."

"Nilikuwa na miaka mitano!"

"Ulimwita atoke ale."

"Kaka, niache na aibu zangu nyingine, hizi za leo zinatosha. Niambie. Hesabu ya mama bado unaikumbuka?"

Kaka aliiweka lenzi mezani. Kisha mguu wake wa kulia, ule uliovunjika, ukaanza kugonga sakafu polepole. "Siwezi kuanzia katikati," alisema. "Haiji hivyo. Lazima nianze mstari wa juu kabisa."

"Tutaanza juu."

Alipokuwa anatoka, kaka alimwita. "Wifi yako hajui. Bado anaamini ni mkono wangu. Sikumwambia, na sitamwambia. Lile ni lako."

Jumamosi kaka alikuja peke yake nyumbani kwa Bi Sindano, mara ya kwanza tangu mazishi. Alizunguka chumba, akakagua cherehani, akasema inahitaji mafuta, akakaa. Halafu, bila kufikiri, akavuta kigoda na kuunyoosha mguu wa kulia juu yake, kama ulivyokuwa ukinyooshwa enzi za plasta. Akafumba macho.

"Mstari wa kwanza. Nyeupe ishirini na mbili, kijani tatu, nyeupe ishirini na tatu."

Bi Sindano alikuwa na daftari la hesabu la vijumba na penseli za rangi. Alijaza, na baada ya kila mstari aliinamia kitambaa kulinganisha. Mstari wa kwanza ulikuwa sawa. Wa pili sawa. Wa nane kaka alikwama, akarudi nyuma mistari miwili, akapita kwa mwendo kama mtu anayeruka mfereji, ikawa sawa. Sauti yake ya uzee ilikuwa imebeba mapigo ya sauti nyingine, na Bi Sindano aliyatambua: ndivyo mama alivyokuwa akihesabu mishono, akivuta pumzi kila baada ya rangi ya tatu. Alijisikia anatamani kumwomba Mungu asimamishe wakati hapo hapo, mstari huo usiishe.

Mstari wa ishirini na moja waliingia kwenye doa. Hapo hapakuwa na cha kulinganisha tena. Palikuwa na kaka tu.

"Usinitazame hivyo," alisema bila kufumbua macho. "Unanipotezea."

"Umefumba macho, umejuaje?"

"Nakusikia unanitazama. Mstari wa ishirini na mbili."

Walikwenda. Kahawia, nyeupe kidogo ya ubawa, kahawia. Alipofika katikati ya mstari wa ishirini na saba alisema, "Kahawia sita, nyekundu moja, kahawia kumi."

Penseli ilisimama. "Nyekundu?"

"Nyekundu moja."

"Ule mshono mwekundu! Kaka, naukumbuka, ila sikujua tena ulikaa wapi. Nilikuwa nikiuona tangu utoto. Siku zote nilidhani ni moyo wa ndege."

Kaka alifumbua macho. Alimtazama akatabasamu, tabasamu ambalo Bi Sindano hakuwa ameliona kwa miaka minne.

"Moyo gani? Lile lilikuwa kosa. Kwenye karatasi paliandikwa kahawia. Wewe ulikuwa unakaa chini ya kiti cha mama na kumpa nyuzi. Nikasoma kahawia, ukampa nyekundu, naye akaushona bila kuangalia. Aligundua mistari miwili baadaye. Nikamwambia, mama, fumua. Akasema, 'Andika nyekundu hapo. Hilo ni la mdogo wako, liache.'"

Bi Sindano aliweka penseli mezani. Pale hasa alipopaunguza, ndani kabisa ya doa la pasi, kosa lake la kwanza lilikuwa limekaa miaka yote limetunzwa. Alitaka kupiga magoti papo hapo.

"Kabla hujaomba," alisema kaka, aliyemfahamu, "angalia kama kuna pasi imewashwa."

Alimpiga bega kwa daftari. Halafu wakaomba wote wawili, yeye magotini, kaka na mguu wake juu ya kigoda, kisha wakamalizia mistari ishirini na mmoja iliyobaki.

Jumanne mwalimu aliifundisha kompyuta ndege mpya, kijumba kwa kijumba kama kilivyo kwenye daftari. Alipofika kwenye kile chekundu aliuliza kama kalamu iliteleza. "Haikuteleza," alisema Bi Sindano. "Ifundishe hivyohivyo."

Ijumaa ya maonyesho darasa lilijaa. Wake, waume na wajukuu walikuwa wamejibana kwenye viti vya watoto, magoti yamefika videvuni. Kaka yake Bi Sindano alikuja na mkewe, mwanamke mchangamfu anayepata urafiki na watu kabla hajakaa, pamoja na binti yao anayeolewa. Dereva wa lori alitangulia. Aliotesha lori jekundu, akalitoa gurudumu kwa kipanya, gurudumu likarudi. "Na barabarani ingekuwa hivi," alisema, "ningekuwa na mgongo mzima." Watu walivunjika mbavu.

Zamu ya Bi Sindano ilipofika, mwalimu aliimulika picha ukutani kwa projekta. Kidoa kimoja. Kikawa vinne. Kahawia ikatambaa, tawi likajinyoosha, mkia ukainuka, na safari hii kifua kikajaa manyoya safi, na kati ya manyoya hayo mshono mmoja mwekundu.

"Njoo, kaka," alisema. "Futa wewe. Futa kifua."

"Nimfute kifua ndege wa mama?"

"Futa. Atapona."

Fundi saa, ambaye mkono wake ulishika skurubu ndogo kuliko punje ya chumvi bila kutikisika, alikishika kipanya kama kitu kinachouma. Alifuta. Kifua chote kikatoweka, na binti yake akaguna kwa huruma. Kisha chembe za pembeni zikaanza. Kahawia ikaingia kutoka kulia, ikaingia kutoka juu, nyeupe ya ubawa ikajipanga, pengo likawa dogo, likawa dogo zaidi, likafungika. Ule mwekundu ulikuja mwisho. Darasa likalipuka kwa makofi.

"Kumbe!" alisema wifi yake kwa sauti ya furaha, huku akipiga makofi kuliko wote. "Afadhali hii mashine inayotengeneza! Pasi za mume wangu zenyewe zinaunguza tu!"

Watu walicheka. Fundi saa alicheka nao, cheko la mtu aliyelizoea. Bi Sindano alimtazama, naye kaka akamtikisia kichwa kidogo sana, ishara ya kusema liache, lipite, leo ni siku yako.

Lingeweza kupita. Mwalimu alikuwa ameshafungua mdomo kumwita anayefuata. Ukutani ndege alikuwa mzima, na hakuna aliyekuwa akidai zaidi. Bi Sindano alisema kimoyomoyo, Ee Mungu, simama nami, akapitisha kiganja kifuani mwake kutafuta sindano ambazo hazikuwepo.

"Wifi," alisema, "subiri. Mwalimu, naomba dakika moja."

Kicheko kilikatika.

"Pasi ya mumeo haikuwa na kosa. Siku ya mazishi nilisema mbele za watu kwamba yeye ndiye aliyekiunguza kitambaa. Nilidanganya. Niliacha pasi ya moto juu ya ndege nikapiga magoti, na nilipoona aibu nikamtwika yeye. Alijua. Alikaa na jambo hilo miaka minne, hata wewe mkewe hakukwambia, ili nisiaibike. Nilimsema mbele za watu, basi namsafisha mbele za watu. Wifi, nisamehe. Mwanangu, nisamehe."

Wifi yake alimtazama mumewe, mdomo wazi. "Wewe! Na mimi nimekutania miaka yote hii mezani?"

"Ulikuwa unafurahi," alisema fundi saa. "Ningekukatizaje?"

Binti aliinuka, akapita kati ya viti vifupi akiangusha kimoja, akaja kumkumbatia. "Shangazi," alisema sikioni mwake, "kitambaa kingekuwa na doa ningekitandika vilevile."

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana hutakitandika na doa."

Bi Sindano alimshika mkono binti, akainua ule mwingine kama alivyokuwa akiinua siku zote darasani, na akasema kwa sauti iliyofika hadi kwa dereva wa lori nyuma kabisa:

"Mungu anisikie, na ninyi nyote mliomo humu mnishuhudie. Kabla mwezi wa sita haujaingia, nitakata palipoungua, nitatia kitambaa kipya, nitamshona ndege huyu mshono kwa mshono kama kaka alivyonisomea, na ule mwekundu mahali pake. Na siku ya kukinyoosha, pasi atashika kaka. Mimi nitaomba nikiwa chumba cha pili."